Kuhamia mji mkongwe ulio karibu na jiji: nani hasa anahama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine 13. Tunaishi kwenye fleti yetu jijini. Mwaka jana tulitembelea mji mdogo wa kale ulio mwendo wa dakika 50 kwa treni, tukaupenda mno. Tumesharudi huko mara nne, kila mara Jumapili. Sasa tumepata nyumba ya ukuta mnene, ina umri wa zaidi ya miaka 200, ina ua na kisima, na bei yake ni ile ambayo jijini tungepata vyumba viwili tu. Mimi nahitajika ofisini siku tatu kwa wiki. Mume wangu ni mfasiri, anafanyia kazi nyumbani. Mama yangu mzazi anaishi jijini peke yake. Je, tuuze fleti tununue nyumba hiyo? Na mume wangu anauliza: kile kisima tukifukie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naomba nianze na hiyo Jumapili. Mara nne mmeuona mji ukiwa umevaa nguo za sikukuu: migahawa wazi, wageni barabarani, watoto wenu wakikimbia kwenye uwanja wa kati. Hamjauona Jumanne ya mvua, saa moja asubuhi, ukiwa na mkoba begani na treni imetangazwa kuchelewa. Kabla hamjazungumza tena na dalali, nendeni Jumanne. Kisha niruhusuni nieleze kwa nini nasisitiza.

Miji ya aina hii haikubaki midogo na mizuri kwa sababu wenyeji wake walipenda urithi kuliko watu wengine. Mingi ilibaki hivyo kwa sababu iliachwa. Toledo, nchini Hispania, ilikuwa na makao ya mfalme mpaka 1561, Mfalme Felipe II alipoyahamishia Madrid. Fedha za kujenga zikaenda huko, na majumba ya Toledo yakabaki yalivyokuwa. Brugge, katika Ubelgiji ya leo, ilikuwa soko kuu la kaskazini mwa Ulaya mpaka mkono wa bahari ulioifikia ulipojaa mchanga, na meli zikahamia Antwerpen. Bagamoyo ilipoteza makao ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, yakaenda Dar es Salaam, na reli ya kwenda bara ilipoanza kujengwa 1905 nayo ikaanzia huko huko. Mahali penye fedha nyingi watu hubomoa na kujenga upya. Zikikosekana, hupaka chokaa na kuendelea kuishi.

Kwa hiyo mnunuzi wa mji wa kale ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya lile la bei. Mji huu uliachwa na nini? Na leo umerudishwa na nini? Jibu la kwanza litakuonyesha kile ambacho bado hakipo: mara nyingi ni ajira za kutosha, hospitali yenye madaktari bingwa, shule zaidi ya moja ya kuchagua. Jibu la pili ni zito zaidi, maana ndilo linalobeba thamani ya nyumba yako. Toledo ilipata treni ya mwendo kasi mwaka 2005, na umbali wa kilomita 70 hivi kwenda Madrid ukawa wa nusu saa. Kamakura, iliyokuwa makao ya watawala wa kijeshi wa Japani mpaka 1333, ilifikiwa na reli mwaka 1889, na leo watu wake wengi hufanya kazi Tokyo na Yokohama, umbali wa saa moja au pungufu. Katika mji wenu pia kilichowaleta ni treni. Bei mliyopewa ina treni ndani yake, ingawa dalali anawaonyesha ua na kisima. Ratiba ikipunguzwa, ua utabaki mzuri vilevile lakini nyumba haitakuwa ile mliyoinunua.

Basi tuizungumze treni. Dakika 50 ulizoandika ni za kukaa ndani ya behewa tu. Hesabu kutoka mlango wa nyumba hadi kiti cha ofisini: kutembea hadi stesheni, tuseme dakika 12, kuwahi jukwaani, dakika 8, treni, 50, basi la jijini au kutembea upande wa pili, 20. Hiyo ni saa moja na nusu. Kwenda na kurudi ni saa tatu, mara siku tatu ni saa tisa kwa wiki. Ukifanya kazi wiki 46 kwa mwaka, unapata saa 414, ambazo ni zaidi ya siku 17 nzima, usiku na mchana. Na hiyo ni kwa siku tatu. Mwajiri akibadili mawazo akataka siku tano, ni saa 690. Kwa hiyo hizo siku tatu zako zipo wapi, kwenye mkataba au kwenye neno la mkuu wako wa sasa? Baada ya janga la 2020 waajiri wengi waliruhusu kazi za nyumbani, kisha wengi wakageuka. Familia iliyonunua nyumba kwa kutegemea ruhusa ya mdomo haina pa kushitaki.

Wataalamu wa usafiri wana jambo wanalolirudia mara kwa mara. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu wa zama mbalimbali wameelekea kutumia karibu saa moja kwa siku kusafiri, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Alionyesha kwamba hata miji ya kale iliyozungushiwa kuta ilikuwa na upana ambao mtu angeuvuka kwa miguu ndani ya muda huo. Ndiyo maana mji wenu unaowapendeza unatembeleka wote: ulikatwa kwa kipimo cha miguu. Ajabu ni kwamba wewe unayehamia humo utaishi kwa kipimo mara tatu ya hicho.

Usidhani utazoea, pia. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wa Texas walivyojisikia katika kila tendo la siku yao, na safari ya asubuhi ya kwenda kazini ikawa mkiani kabisa. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, wakitumia takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba watu wenye safari ndefu za kazini hawakuwa wameridhika na maisha sawa na wenye safari fupi, ingawa walidhani nyumba nzuri au mshahara mkubwa vingewalipa. Mtu huzoea nyumba kubwa haraka sana; baada ya miezi michache haioni tena. Foleni na treni iliyochelewa huwa mpya kila siku.

Sisemi usiende. Siku tatu zinavumilika, na behewa lenye kiti na meza si sawa na usukani kwenye foleni. Lakini kuna vitu viwili kwenye ratiba vinavyoshinda mwendo kasi. Kwanza ni mfululizo. Treni ya dakika 50 inayopita kila robo saa ni bora kuliko ya dakika 35 inayopita kila saa, kwa sababu ukiikosa ya kwanza umepoteza robo saa, ukiikosa ya pili umepoteza jioni. Pili ni treni ya mwisho usiku. Hiyo ndiyo itakayoamua kama utahudhuria sherehe ya mwenzako kazini, kama utakaa na mgonjwa mpaka alale, na kama mwanao wa miaka 13, ambaye muda si mrefu atakuwa na 16, atakuwa na marafiki jijini au atakuwa na hasira chumbani.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Umeandika kana kwamba mnahama wote, lakini wewe hutahama sana. Siku tatu kwa wiki utaondoka giza likiwapo na kurudi giza limeingia. Mchana wako utabaki jijini, pamoja na wenzako, mkahawa wako na daktari wako wa meno. Anayehama ni mume wako. Yeye ndiye atakayekuwapo Jumatatu hadi Ijumaa, peke yake ndani ya nyumba kubwa, katika mji ambao watu wanajuana tangu babu zao. Yeye ndiye shule itakayempigia mtoto akiugua, na yeye ndiye atakayemfungulia fundi mlango. Mfasiri anaweza kufanya kazi popote penye intaneti, ni kweli (na mpime hiyo intaneti mkiwa ndani ya nyumba, kwa sababu ukuta wa mawe wa nusu mita unaweza kuumaliza mtandao kati ya chumba na chumba). Ila kufanya kazi popote si sawa na kuishi popote. Nimeona nyumba nyingi zikirudishwa sokoni ndani ya miaka mitatu, na sababu ilikuwa upweke wa aliyebaki nyumbani kuliko ufa wowote wa ukutani. Muulize mume wako, wewe ukiwa kimya: siku ya Jumatano saa tano asubuhi atakuwa anaongea na nani? Kama ana jibu, hata kama ni kwaya au timu ya mpira ya wazee, nusu ya wasiwasi wangu inaondoka.

Huyu wa miaka 6 atafurahi. Huyu wa 13 mshirikisheni sasa, kabla ya uamuzi. Kumwambia baada ya kutia saini ni kumtangazia, wala si kumshirikisha.

Sasa nyumba yenyewe. Hapa niko nyumbani kwangu, maana nimekagua majengo ya kale kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Nyumba ya miaka 200 imejengwa kwa mawe au tofali zilizoshikwa na udongo na chokaa. Hiyo saruji tuijuayo leo ilipewa hataza mwaka 1824 na Mwingereza Joseph Aspdin, na ilichukua miongo mingi kuenea. Chokaa ni laini na inapumua: unyevu ukiingia ukutani, hutoka tena kupitia kwenye lipu na kukauka. Nyumba hizo zilikusudiwa kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Kisha anakuja fundi wa kisasa mwenye nia njema, anaona lipu inabanduka, anaipiga saruji. Miaka miwili ukuta unang’aa. Maji yaliyo ndani hayana pa kutokea, yanapanda juu, chumvi inachanua kwenye rangi, na kibaya kuliko vyote, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaanza kuoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Siku utakayoona sakafu ya juu imebonyea, uozo utakuwa umeshafanya kazi muda mrefu.

Nimeshaliwa na hilo mimi mwenyewe. Nyumba yangu ya kwanza niliinunua mwezi wa kiangazi. Ilikuwa imepakwa rangi mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, nami nikasema wenyewe ni watu wasafi. Masika ilipofika nikajua kwa nini rangi iliishia kiunoni.

Kwa hiyo: mwende kuikagua siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Nuseni kabla ya kutazama. Rangi mpya ya upande wa chini tu ni shahidi mbaya. Tazameni mabomba na mifereji ya paa, kwa sababu maji mengi ninayoyakuta ukutani hayatoki ardhini kama watu wanavyodai. Yanatoka kwenye mfereji uliopasuka, au kwenye udongo wa nje uliopanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Barabara za miji ya kale hupanda kila zinapotengenezwa upya, nyumba haipandi. Kushusha udongo na kurekebisha mfereji kwa kawaida ni kazi ndogo ukilinganisha na dawa za kuchoma sindano ukutani ambazo mtauziwa. Mruhusiwe pia kupanda darini. Asiyewaruhusu kupanda darini amekwisha kuwajibu.

Nyaya za umeme mzihesabu kama za kubadilishwa mpaka mtu mwenye leseni aseme vinginevyo. Mabomba ya maji yapimwe kama ni ya risasi, ile metali yenye sumu. Rangi ya zamani vilevile: Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978, na penginepo iliendelea baada ya hapo, na mtoto wa miaka 6 ndiye anayedhurika zaidi na vumbi lake. Msikwangue milango kwa msasa mkavu, hata kama mbao za chini zinawavutia.

Mkaguzi mtakayemwajiri awe mtu wa majengo ya kale. Mkaguzi wa nyumba mpya atawapa ripoti ndefu itakayokiita kila kitu kasoro, na mapendekezo yake yatakuwa saruji.

Kuna na sheria. Nchi nyingi huweka miji ya namna hii chini ya hifadhi: Ufaransa ilipitisha sheria ya maeneo yanayolindwa mwaka 1962, Uingereza ikafuata na yake mwaka 1967. Japani ilipata ya miji mikuu ya kale mwaka 1966, baada ya wakazi wa Kamakura kupinga nyumba mpya zilizotaka kujengwa kwenye kilima nyuma ya hekalu lao kuu. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba dirisha, rangi ya mlango, dishi la paa, wakati mwingine hata mti wa uani, vyaweza kuhitaji kibali. Mkitaka kuchimba msingi, huenda wanaakiolojia wakatakiwa kuchimba kwanza. Ulizeni jambo moja kabla ya yote: mabadiliko yaliyokwisha kufanywa katika nyumba hiyo yana vibali? Katika nchi kadhaa kosa la mmiliki aliyepita huhamia kwa mmiliki mpya pamoja na ufunguo. Kwa upande mwingine, mamlaka hizo wakati mwingine hutoa ruzuku au nafuu ya kodi kwa paa na kuta za nje. Msione haya kuomba.

Kwenye bima wengi hukosea. Watu huikatia nyumba bima kwa bei waliyoinunulia. Kuijenga upya nyumba ya mawe kwa mafundi wa chokaa, kwa masharti ya hifadhi, kunaweza kugharimu kuliko bei mliyoilipa. Bima ihesabiwe kwa gharama ya kujenga upya, la sivyo siku ya moto mtalipwa nusu.

Kuhusu majirani nitasema kidogo. Mji ukiwa karibu na jiji, watu kama nyinyi ndio wanaopandisha bei, na vijana waliozaliwa humo ndio wanaosukumwa nje. Mwanasosholojia Ruth Glass aliyaandika haya kuhusu vitongoji vya London mwaka 1964 na hayajabadilika. Nunueni mkate mtaani, watoto wasome shule ya mtaani, msianze kulalamikia kengele wala adhana wala soko la Jumamosi lililokuwapo kabla yenu. Tazameni pia idadi ya nyumba zinazokodishwa kwa wageni wa siku mbili. Pita mtaani kwenu usiku wa katikati ya wiki, nje ya msimu, uhesabu madirisha yenye taa. Kama ni matatu kati ya kumi, mnahamia hotelini.

Uamuzi wangu, basi. Msiuze fleti mwaka huu. Ikodisheni, nanyi mpange nyumba ndani ya mji ule kwa miezi kumi na miwili, hata kama ni nyumba mbaya, ili mradi mwaka huo upitie msimu ule mbaya wa kule, uwe wa baridi, wa mvua au wa watalii. Najua utanijibu kwamba nyumba hii itachukuliwa na mwingine. Huenda. Lakini nyumba za ukuta mnene huuzwa polepole, na ukiwa mpangaji mjini utasikia za kuuzwa kabla madalali hawajazisikia. Kurudi jijini baada ya kuuza ndiko kugumu: bei za huko hazitawasubiri. Mkiamua baadaye kununua, wekeni pembeni fedha za matengenezo zisizopungua moja ya tano ya bei ya nyumba, na msiziguse kwa ajili ya jiko zuri.

Kama mwaka mzima wa kupanga hauwezekani, basi angalau wiki tatu, katika mwezi mbaya, ukienda ofisini kutoka kule kwa siku zako zote tatu, na mume wako akifanyia kazi kule.

Mama yako: pima safari ya kwake kama ulivyopima ya ofisi, mlango kwa mlango, lakini usiku wa manane, treni zikiwa zimelala. Ikiwa hakuna njia ya kufika kabla ya saa mbili kupita, inabidi awepo jirani au ndugu mwenye ufunguo wake kabla hamjahama. Na muulizeni. Wazee wengine wanasubiri kuambiwa “njoo”, wengine wataona mmewaondoa kwenye msikiti wao, kanisa lao au ngazi zao walizozizoea. Nyumba yenye ngazi nyembamba na choo cha juu haimfai hata akikubali, kwa hiyo tazama kama pana chumba cha chini chenye mlango mpana na mahali pa kuweka bafu.

Kisima msikifukie. Maji ya chini ya ua huo yana njia yake ya tangu zamani, na kuimwagia vifusi kunaweza kuyaelekeza kwenye msingi, tukarudi kwenye habari ya ukuta uliolowa. Katika maeneo ya hifadhi pia huenda ni kosa. Wekeni kifuniko cha chuma chenye kufuli, kinachobeba uzito wa mtu mzima, kabla mtoto wa miaka 6 hajalala usiku wa kwanza. Kisha kila mwezi mpime kina cha maji kwa kamba yenye jiwe na mwandike kwenye daftari. Maji yakipanda kuliko kawaida, mtajua kuta zitalowa kabla hazijawaambia zenyewe.